Kona Iliyonyamaza

Nyuma ya nyumba ya Bi Masikio hapakuota hata kitunguu. Palipandwa vyuma. Kwenye tuta la udongo mwekundu alikuwa amezika sufuria kubwa ya mama mkwe wake, kwenye tuta la mfinyanzi mweusi kichwa cha jembe na mnyororo, na kwenye mchanga, chini kabisa, mfuniko wa pipa. Kila kimoja alikizika kwa kina chake, akaziacha mvua zipite juu yake mpaka udongo ukashikamana, kwa sababu chuma kilichozikwa leo hakisikiki kama chuma kilicholala miaka. Mashine yoyote ya kutafutia vyuma, iwe mpya au iliyotoka kutengenezwa, ilipitishwa hapo kwanza. Ikiisikia sufuria ndani ya udongo mwekundu, basi ni mashine. Isipoisikia, mwenyewe alirudishiwa papo hapo, hata angekuwa na maneno matamu kiasi gani.

“Wenzangu wakwe zao wanawavunjia vyombo,” mama mkwe alikuwa akiwaambia wageni. “Wangu anavizika.”

Bi Masikio alikuwa mwanamke mfupi, mwenye shingo iliyozoea hedifoni za kusikilizia mashine, ambazo alitembea nazo hata akienda dukani kununua chumvi. Jina lake mtaani lilitokana na hizo. Aliitwa palipopotea bomba la maji, pete, au chuma cha mpaka wa kiwanja. Zaidi ya wote walimwita wajenzi, kabla hawajachimba. Na mara nyingi aliyekuja kuchimba nyuma yake alikuwa mumewe mwenyewe, Baba Pacha, dereva wa katapila.

“Yeye anasikiliza, mimi nachimba,” Baba Pacha aliwatambia wenzake. “Nani mwingine hapa mke wake anampimia ardhi?”

Wenzake walicheka, lakini wivu ulikuwepo. Katika kazi ile maneno ya maana ni mawili tu: pana kitu, au pako safi. Bi Masikio akishasema pako safi, Baba Pacha alipanda katapila lake huku anapiga mluzi, hana hili wala lile.

Asubuhi tunayoizungumzia, Baba Pacha alikuwa ameshaondoka na mluzi wake, na Bi Masikio alikuwa na mteja. Mteja mwenyewe ni mnunuzi wa vyuma chakavu, bonge la mtu, ambaye watu walimwita Chakavu na yeye akaitika. Alikuwa amekuja na pikapu iliyofungwa mlango kwa waya, na alitaka mashine.

“Dada, nataka moja. Moja tu. Inayosikia mbali chini, udongo wowote.”

“Kaka, hiyo haijazaliwa.”

Akamtolea mbili, zake mwenyewe za kazi, amwonyeshe tofauti. Ya kwanza aliiita Mropokaji. Sahani yake ilikuwa pana kama sinia, na mkanda wake ulikata bega. Udongo mwekundu haukumbabaisha Mropokaji, na chini kabisa alifika. Ila alikuwa hachagui. Msumari, kizibo cha soda, bomba la maji, kwake vyote vilikuwa vya kupigia kelele. Ya pili aliiita Mpole. Mpole alikuwa mwepesi na mwenye adabu, akijua kupuuza msumari na kutaja kitu cha maana. Tatizo lake lilikuwa huo udongo mwekundu, ambao una chuma chake ndani na humsumbua. Kwa hiyo kabla ya kazi ilibidi anyamazishwe: unabonyeza kitufe, unainua na kushusha sahani juu ya ardhi tupu, mpaka aizoee sauti ya ardhi ile na kuacha kuisema.

“Unamwambia, hii ndiyo ardhi, hii usinipigie kelele,” Bi Masikio alieleza. “Sasa sikiliza, kaka. Udongo mwekundu, kitu kikubwa, chini sana: Mropokaji. Mchanga, au mahali palipojaa takataka: Mpole. Na kama roho ya mtu iko hatarini, wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Atakayekwambia vingine anakudanganya.”

Aliyasema hayo bila kupepesa macho, ingawa jana yake tu alikuwa amefanya vingine. Mropokaji alimkatia bega tangu wiki iliyopita, mawingu yalikuwa yameshuka, na kiwanja chenyewe kilijaa misumari ya vibanda vilivyovunjwa. Akamwacha nyumbani. Akaenda na Mpole peke yake.

Chakavu alimchukua Mpole, akavaa hedifoni, akapiga hatua mpaka tuta jekundu. Akasimama, akabonyeza kitufe, akainua na kushusha sahani kama alivyoonyeshwa. Kisha akaanza kuipeleka kulia na kushoto, kwa madaha, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu utoto.

“Dada, hapa hakuna sufuria. Mama mkwe wako ameshaifukua.”

“Thubutu!” mama mkwe alijibu kutoka kwenye kigoda chake mlangoni. “Ningeifukua ningekuwa napikia.”

Bi Masikio alitazama miguu ya Chakavu. Ilikuwa inakigusa kijiti alichochomeka yeye kuonyesha mahali sufuria ilipo.

“Umemnyamazishia wapi?”

“Hapa hapa.”

Bi Masikio akacheka mpaka akashika mbavu. “Kaka! Umemnyamazisha juu ya sufuria yenyewe! Umemwambia sufuria ndiyo ardhi, na yeye kwa adabu zake amekubali. Ungepita hapo hadi kesho, asingekwambia kitu.”

Chakavu naye akacheka, hakuwa mtu wa kununa. Akasogea pembeni, sahani ikiwa bado chini, akatoka nje ya tuta. Mara akakunja uso.

“Sasa ananung'unika huku, pasipo na kitu.”

“Si kwa sababu ametoka kwenye...” Bi Masikio alianza, na kicheko kikamkatika.

Mnung'uniko ule aliujua. Aliusikia jana.

Kiwanja cha jana kilikuwa njia panda, kimezungushiwa ukuta pande tatu na lango upande wa nne. Zamani palikuwa na kituo cha mafuta. Mwenye kiwanja aliapa kwamba matangi yaling'olewa kabla hajanunua. Msimamizi wa ujenzi, ambaye alikuwa mtu wa tahadhari, akasema kuapa si kupima, na akamwita Bi Masikio kupitia kwa mumewe. Aliingia, akaweka mkoba wake kwenye kona ya lango, palipokuwa na ardhi sawa, akamnyamazisha Mpole palepale. Mpole alinyamaza upesi, vizuri mno. Kisha akatembea. Alipofika karibu na katikati, Mpole alianza kunung'unika, na Bi Masikio akajiambia udongo umebadilika, malori yamemwaga kifusi cha kwingine. Akamnyamazisha upya, akaendelea mpaka mwisho. Akamwambia msimamizi: pako safi.

Udongo haukuwa umebadilika. Ulikuwa mwekundu uleule toka lango mpaka ukuta wa nyuma. Aliuona kwa macho yake, akayaamini masikio.

Alikuwa amemnyamazishia Mpole juu ya tangi, kama Chakavu juu ya sufuria. Na hilo silo baya zaidi. Usiku, wakila, Baba Pacha alimwuliza, “Mama Pacha, kesho nianzie wapi?” Na yeye, akichovya tonge, akajibu, “Anzia kona ya lango. Pale mashine ilitulia kama maji mtungini.”

Alitoa simu. Ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Alijua kwamba hata angepiga mpaka betri imwishie, ndani ya kibanda cha katapila injini inameza kila sauti. Namba ya msimamizi hakuwa nayo. Kazi zote za pale zilipitia kwa mumewe.

“Kuna nini?” mama mkwe aliuliza. Alikuwa amesimama.

“Nimemtuma mwanao mahali pabaya, mama.”

Mama mkwe hakuuliza pabaya gani. Alimnyang'anya Chakavu hedifoni kichwani, akazitupa ndani ya pikapu. “Mpeleke,” akamwambia. “Umesikia? Mpeleke sasa hivi.”

Bi Masikio alimbeba Mropokaji begani, lile lile linalouma, wakapanda pikapu. Chakavu alikuwa dereva wa taratibu kwa tabia, na pikapu yake ilikuwa ya taratibu kwa umri. Sokoni walikwama nyuma ya mkokoteni wa matofali. Bi Masikio alitoa kichwa dirishani akamwomba mwenye mkokoteni apishe, kisha akamtukana, kisha akamwomba tena. Tangi la zamani, hata likiwa limekaushwa, hubaki na mvuke wa mafuta ndani; na jino la chuma likikwaruza bati lenye kutu, cheche moja inatosha. Hayo kila mchimbaji anayajua. Baba Pacha anayajua kuliko wote, ila Baba Pacha ameambiwa pako safi, na aliyemwambia ni mama wa watoto wake.

“Kwa hiyo, dada,” Chakavu alisema kwa sauti ya chini, maana ukimya ulimtisha, “mimi nichukue ipi?”

“Endesha gari!”

“Naendesha. Nauliza tu.”

Akakanyaga mafuta, lakini pikapu haikuwa na haraka hiyo.

Walisikia katapila kabla hawajaliona. Bi Masikio aliruka pikapu ikiwa bado inatembea. Langoni msimamizi alimzuia kwa mkono, kofia ngumu imemfika nyusini.

“Mama, bila kofia huingii. Halafu wewe si umemaliza jana?”

“Nimekosea jana. Mzimishe.”

“Umekosea vipi? Ulisema...”

“Najua nilisema nini! Tangi lipo. Lipo pale anapochimba. Mzimishe!”

Msimamizi alifungua mdomo, lakini Bi Masikio alikuwa ameshapita chini ya mkono wake. Kona ya lango ilikuwa shimo. Kando ya shimo lilisimama katapila, mgongo wake ukielekea ukuta, na mkono wake mrefu ulikuwa unashuka. Alikimbia mbele yake, mahali ambapo hakuna mwenye akili anasimama, akainua mikono yote miwili na kuipunga.

Mumewe alimwona. Mkono wa katapila ukasimama chini, kijiko kimezama ndani ya udongo. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Ndipo harufu ikawafikia. Ilikuwa harufu ya petroli iliyochacha, tamu tamu, inayokaa nyuma ya ulimi. Langoni mfanyakazi mmoja alitupa sigara yake nje, barabarani, bila kuambiwa, kisha akaifuata huko huko.

“Kuna kitu,” Baba Pacha alisema kutoka juu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha mkewe. “Meno ya kijiko yamekaa juu ya kitu kigumu. Nimesikia sasa hivi, kabla sijakuona. Niinue?”

“Usiinue. Usiguse chochote. Shuka.”

Alifungua mlango. Alipoweka mguu kwenye ngazi, katapila lote likaguna. Mnyororo wake wa kutembelea, upande wa shimo, ulizama, kidogo tu, kama mtu anayekalia kochi. Kila mtu pale aliona. Udongo ulikuwa unaondoka chini yake kwenda mahali patupu.

Baba Pacha alirudisha mguu ndani polepole.

“Mama Pacha. Hili limekaa juu yake, siyo?”

“Sehemu. Sijui ni sehemu gani.”

“Basi pima. Nishukie wapi?”

Bi Masikio alivaa hedifoni. Alianza mbali, toka ukutani, akisogeza sahani ya Mropokaji juu ya ardhi nyekundu. Mropokaji alipigia kelele msumari, akapigia kelele kizibo, kisha akaanza kuguna kwa sauti nzito, ndefu, isiyo na mwisho. Bi Masikio alichora mstari kwa kisigino. Akasogea hatua nyingine. Hapo Mropokaji alipiga yowe moja, na yowe hilo halikukatika tena popote alipoielekeza sahani. Alikuwa amelifikia katapila. Mbele ya chuma chote kile kilichosimama juu ya ardhi, mashine haikuweza tena kusema lolote juu ya kilichomo chini. Ule upana wa hatua chache kati ya mstari wake na mlango wa mumewe, hakuna mashine duniani ambayo ingempimia.

Akavua hedifoni.

Alitaka kulia, na hakuwa na nafasi ya kulia. Jana alikuwa na uhakika na akawa amekosea. Leo hakuwa na uhakika wowote, na mtu yuleyule alikuwa anamtazama kwa macho yaleyale, anasubiri neno lake. Katapila likaguna tena.

Aliiweka mashine chini. Akapita mstari wake mwenyewe, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya ngazi, kando kidogo, mahali ambapo udongo ulionekana haujapasuka. Akakanyaga kwa nguvu. Akaruka, akatua kwa uzito wake wote, kama mtoto anayejaribu kitanda. Kiatu kimoja kikazama kwenye udongo uliochimbuliwa, akauvuta mguu ukatoka bila kiatu.

“Hapa,” alisema. “Hapa nilipo pazima. Ruka uje hapa.”

“Una uhakika?”

“Baba Pacha, ruka!”

Akaruka. Alitua, nusura amwangushe, wakashikana mikono, wakakimbia pamoja, yeye akichechemea kwa kukosa kiatu, hadi nje ya lango ambako msimamizi alikuwa anawasukuma watu nyuma. Hawakusikia kishindo kikubwa. Walisikia bati linakunjika, kwa muda mrefu, ndani ya ardhi. Kisha katapila likainama upande mmoja pole pole, likalalia ubavu wake wa mlango ndani ya shimo, na udongo ukaanza kumiminika. Cheche haikutoka. Kwa nini haikutoka, hata watu wa zimamoto waliofika baadaye hawakuweza kusema.

Zimamoto walifanya kazi yao siku kadhaa: wakamwaga maji, wakapuliza hewa, wakavuta mafuta machafu yaliyobaki. Walipomaliza, msimamizi aliwaita wawili hao waje kuona. Bi Masikio hakutaka kwenda. Mumewe alisema watakwenda.

Tangi lilikuwa refu kuliko alivyofikiri yeyote, limelala toka kwenye lango kwenda katikati ya kiwanja, bati lake limeliwa na kutu mpaka mahali pengine unaona mwanga. Wafanyakazi walikuwa wameondoa udongo kwa koleo, kwa mkono. Juu ya mgongo wa tangi, mbali kidogo na lile tundu katapila lilipotobolea, kulikuwa na kiatu cha kike cha kahawia, kimetulia juu ya bati, pale pale mwenyewe aliporuka na kutua na kusema pazima.

Baba Pacha alikitazama, kisha akamgeukia mkewe.

“Ulikuwa unajua?”

“Sikujua.”

“Mbona ulisema pazima?”

“Ningekwambia sijui, ungeruka?”

Baba Pacha aligeuka akatazama katapila, ambalo lilikuwa limevutwa nje na kusimamishwa kando ya ukuta. Kibanda chake kilikuwa bado kimejaa udongo mwekundu mpaka juu ya kiti, mpaka kwenye kioo.

Alishuka shimoni bila kumwuliza mtu ruhusa, akakiokota kiatu, akakikung'uta kwenye goti lake. Akapanda, akachuchumaa mbele ya mkewe kama muuza viatu, akamvua ndala moja aliyokuja nayo, akamshika kifundo cha mguu.

“Vaa, twende nyumbani,” alisema. “Mama anataka sufuria yake. Kasema kuanzia leo usiku hatakula tena kwenye sufuria ya jirani.”

Bi Masikio alicheka, kisha kilio alichokiweka tangu siku ile kikamtoka chote, mbele ya msimamizi na watu wake. Mumewe alimngoja amalize. Wakaondoka kwa miguu, na walipofika nyumbani alichukua koleo, wakaifukua wote wawili.